Jenereta la gari la kulala si la kufungwa kama la dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na mafundi wenzangu wa Kigoma na Tabora, pamoja na wenye magari wanaotuletea kazi, juu ya jambo ambalo limeninyima usingizi kwa muda mrefu. Ni kazi ya kufunga jenereta ndani ya gari la kulala, yaani gari lenye kitanda, jiko dogo na friji, ambalo mwenyewe hulitumia kama nyumba akiwa safarini. Zamani kazi hiyo hatukuijua. Leo inaletwa karakanani, na wengi wetu tunaifanya kama tunavyofunga jenereta la duka au la saluni: tunatafuta mahali linapoenea, tunalikaza kwa bolti nne, tunavuta waya, linawaka, tunapokea hela yetu. Nimeifanya hivyo mimi mwenyewe, na nusura niwaue watu watatu.

Magari haya yanatufikia kwa njia mbili. Yapo ya wageni wanaoingia kutoka Tabora kupitia Nguruka na Uvinza, au kutoka Mpanda, wakielekea ziwani. Kwa kuwa Gombe hakufikiki kwa gari na watu huenda kwa boti, magari yao hubaki mjini siku kadhaa, na hapo ndipo hutafutwa fundi wa kurekebisha hiki na kile. Yapo pia ya kwetu wenyewe, na hayo ndiyo ninayoyaandikia zaidi: Hiace zilizotumika Japani zikiwa tayari na vitanda, na Coaster zilizong'olewa viti na wafanyabiashara wanaozunguka minadani ambao wamechoka kulipia nyumba za wageni. Mtu akishaweka friji na feni ndani, swali linalofuata ni umeme, na jibu la kwanza linalomjia mtu wa Kigoma ni jenereta, maana mji huu ulikaa miaka mingi ukiwashiwa taa na majenereta ya dizeli kabla ya Gridi ya Taifa kutufikia, na mlio wake tumekua nao.

Mteja wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Alinunua Hiace ya namna hiyo ili yeye na mkewe wawe wanawatembelea watoto wao, mmoja akiwa Tabora na mwingine Mbeya, bila kumsumbua mtu kwa malazi. Mama anatumia insulini, hivyo friji kwao haikuwa anasa. Mwalimu alikuja na jenereta dogo la petroli la kubebwa kwa mkono, lile lenye tangi la mafuta juu yake, akaniomba nilifunge nyuma ya gari ili asiwe analishusha na kulipandisha, kwani mgongo wake haumruhusu. Nilimtengenezea sanduku la bati chini ya kitanda, likiwa na mlango wa kufungukia nje kwa nyuma. Nikatoboa tundu la kupitisha waya kuingia ndani, nikarefusha bomba la ekzosi likaishia chini ya sakafu ya gari, nikapaka rangi. Lilipendeza. Mwalimu aliniongezea hela ya soda.

Safari ya kwanza walikwenda Tabora wakiwa na mjukuu wao wa miaka saba. Mvua iliwakuta Nguruka, wakaamua kulala. Waliegesha gari matako yakiutazama ukuta wa duka, wakafunga vioo vyote kwa sababu ya mvua, wakawasha jenereta kwa ajili ya friji na feni. Usiku wa manane mtoto aliamka akitapika. Mwalimu alipojaribu kuinuka, miguu haikumtii. Anasema alijiona kama mtu anayetembea ndani ya maji. Alifungua mlango wa pembeni ili mtoto atapike nje, na muda mfupi baadaye jenereta likazima lenyewe kwa sababu petroli iliisha. Mlango ule uliofunguliwa kwa ajili ya matapishi, na lile tangi dogo, ndivyo vilivyowaokoa.

Asubuhi walikwenda zahanati wakiamini ni malaria, kwa sababu huku kwetu mtu akiumwa kichwa na kutapika hatuwazi kingine. Kipimo hakikuonesha malaria. Wakabanwa kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikasoma vizuri kabisa, wakapewa dawa ya maumivu wakaondoka. Mwalimu alinipigia simu siku ile, wala si kwa kunilaumu. Alitaka kujua kwa nini feni ilikuwa ikizunguka polepole. Katika mazungumzo ndipo akasema, "Fundi, tumeamka kama watu waliokunywa, na unatujua sisi si watu wa pombe." Nilimuuliza, "Mwalimu, jenereta liliwaka mpaka saa ngapi, na vioo vilikuwa wazi?" Aliponijibu, simu ilinitetemeka mkononi.

Gesi iliyotaka kuwaua inaitwa kaboni monoksaidi. Si ile hewa ukaa tunayoisikia kwenye habari za tabianchi. Hii ni nyingine, nayo hutokea pale mafuta, kuni au mkaa vinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, na msomaji yeyote wa gazeti hili amewahi kusikia msiba wa aina hiyo. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hukosa pumzi huku kifua chake kikipanda na kushuka kama kawaida. Anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hapati hata hiyo nafasi ya kuumwa kichwa.

Kuhusu kile kifaa cha kidoleni, niliambiwa baadaye na mganga mmoja jambo ambalo nataka kila mwenye gari la namna hii alijue: kifaa hicho hupima kwa mwanga, kikitazama wekundu wa damu, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu, hivyo kinadanganyika na kuonesha kuwa oksijeni ipo. Kwa hiyo mkiamka wengi ndani ya gari moja mkiwa na kichwa kinachogonga, msiishie kusema kichwa. Mwambieni mhudumu wa afya kwamba jenereta lilikuwa linawaka mlipolala, na msikawie njiani, kwa sababu mtu akivuta hewa ya kawaida tu gesi hiyo hupungua kwa nusu baada ya saa nne au tano, lakini akipewa oksijeni ya mtungi muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu.

Waliporudi Kigoma nililirudia gari lile usiku. Niliweka taa yenye mwanga mkali ndani ya sanduku, nikafunga mlango wake, kisha nikalala kitandani mwa mwalimu nikatazama. Mwanga ulipenya kuzunguka waya wote. Nilikuwa nimetoboa tundu la kuingiza vidole viwili kwa ajili ya waya mwembamba kuliko kidole gumba, na sikuliziba. Ulipenya pia kwenye kona mbili ambako nilichomelea nukta nukta badala ya mstari mzima. Nikatoa taa, nikawasha udi nikauweka sandukuni; haikupita muda, gari zima likanukia kama nyumba yenye harusi. Harufu ile ndiyo ilikuwa njia ya moshi wa ekzosi, nami nilikuwa nimeutandikia kitanda juu yake.

Sasa niseme kazi inavyotakiwa kuwa. Kwanza kabisa, jenereta la kubebwa lenye tangi juu halikuundwa kukaa ndani ya sanduku. Linajipoza kwa hewa inayolizunguka pande zote. Ukilifungia, joto la injini na la sailensa hurudi kwenye tangi lake, petroli inachemka na mvuke wake unatafuta cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea, hutambaa sakafuni na kujikusanya penye bonde. Yapo majenereta yaliyoundwa mahsusi kwa magari ya kulala, kama yale ya Onan yanayotengenezwa na Cummins ya Marekani, ambayo hayana tangi, huvuta hewa ya kupoza kutoka upande uliopangwa na kuitema chini, na kijitabu chake hutaja nafasi ya kuachwa kila upande pamoja na ukubwa wa matundu ya hewa. Ni ghali, sikatai. Lakini asiyeweza kulinunua hana sababu ya kulazimisha lile la kubebwa liwe kitu lisichokuwa. Alibebe kwenye gari likiwa limezimwa na kupoa, akifika alishushe, aliweke mita 6 au zaidi kutoka kwenye gari, upande upepo unakoelekea, ekzosi ikitazama mbali na milango na madirisha, kisha avute waya wa mpira wa milimita za mraba 2.5 hadi garini. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa imewahi kuonya kwamba jenereta moja la kubebwa linaweza kutoa kaboni monoksaidi kama mamia ya magari kwa wakati mmoja. Mita 6 si nyingi kwa kitu cha namna hiyo. Kama mgongo unauma, kama ulivyokuwa wa mwalimu, ni heri kumlipa kijana wa mahali hapo alishushe.

Kwa mwenye jenereta la kufungwa, sanduku liwe la chuma kitupu bila mbao wala godoro la sponji la kupunguzia kelele, maana sponji hunywa mafuta na kushika moto. Mishono ichomelewe mfululizo. Liwe na mlango mmoja tu, unaofungukia nje ya gari. Nimeona sanduku lenye kifuniko cha kufungulia ndani, chini ya godoro, eti ili iwe rahisi kupima oili. Kila waya unaoingia ndani upite kwenye mpira wake na uzibwe kwa gundi inayostahimili joto. Ukimaliza, fanya lile jaribio la taa usiku na la udi mchana mbele ya mteja, naye alale kitandani atazame mwenyewe. Halikugharimu chochote zaidi ya kijiti kimoja cha udi, nami tangu siku ile sijamkabidhi mtu gari bila hilo.

Ekzosi ndiyo inayotushinda wengi. Bomba likiishia chini ya sakafu, moshi hauendi popote. Gari lililoegeshwa huukalia kama kuku anavyokalia mayai, na kila penye tundu la waya, la bomba la maji au la kutu, moshi unapanda. Bomba lazima litokeze nje ya ukingo wa gari, upande usio na mlango wala dirisha la kufunguka, mbali na tangi la mafuta, mipira ya breki na nyaya. Usilipeleke nyuma ukidhani kwamba gari likitembea moshi utaachwa barabarani. Tazama basi lolote linaloingia mjini kutoka barabara ya vumbi: vumbi lote liko kwenye kioo cha nyuma, kwa sababu hewa iliyopasuliwa na gari hugeuka na kulirudia kwa nyuma. Moshi nao hufanya hivyo hivyo.

Tena, mwisho wa bomba hilo ufungwe kizuia cheche. Ninalisema hili hasa kwa wenzetu wa Tabora, Urambo na Kaliua, ambako gari huegeshwa chini ya miti ya miombo, na kuanzia mwezi wa sita nyasi zinakuwa kama karatasi.

Mafuta yachukuliwe kwenye tangi la gari kwa bomba lake lenyewe, lililo fupi kuliko lile la injini, ili jenereta likinywa usiku kucha lizimike lenyewe huku gari likibaki na mafuta ya kulifikisha kituoni. Mpira wa mafuta usipite ndani ya chumba cha kulala hata kwa sentimita chache, na usiongeze mafuta jenereta likiwa linawaka au bado lina joto. Mtungi wa gesi ya kupikia, ambayo nayo ni nzito kuliko hewa, uwe na kisanduku chake chenye tundu la chini la kutolea nje, wala usikae jirani na jenereta.

Nije kwenye umeme, ambao ndiyo kazi yangu hasa. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50, lakini magari yaliyotoka Japani yamefungwa kwa volti 100. Soketi zake ni zile za miguu bapa miwili, na vifaa vilivyokuja nayo, kuanzia jiko la umeme hadi chaja ya betri, ni vya volti 100. Fundi anayekata waya wa zamani na kuunganisha jenereta la 230 moja kwa moja huviunguza vyote ndani ya sekunde, na tumshukuru Mungu kama ni vifaa tu. Badilisha soketi zote, soma kibandiko cha kila kifaa, na kile kisichoandikwa hadi 240 kitolewe au kiwekewe transfoma.

Halafu kuna suala la ethi, yaani waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Halina fimbo ya shaba ardhini kama nyumba, na majenereta mengi madogo huja nyutro yake, yaani waya wa kurudishia umeme, ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Ukiweka breka ya usalama ya miliampea 30 kwenye mfumo wa namna hiyo, unaweza kudhani umemaliza, lakini waya ukigusa bodi umeme hauna njia ya kurudi, na breka haioni kosa. Nyutro lazima iunganishwe na bodi ya gari mahali pamoja tu, kwenye jenereta lenyewe, na vyuma vyote, yaani bodi, sinki na jiko, viunganishwe pamoja kwa waya wa ethi. Gari likichomekwa kwenye umeme wa TANESCO mahali pa kambi, muunganisho huo ukatike, na kazi hiyo hufanywa na chenjova, yaani swichi ya kuchagua jenereta au TANESCO, inayokata nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro. Wale wanaotengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili ili wachomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani, nawaomba kwa heshima zote waache. Umeme huo hurudi hadi kwenye nyaya za mtaani, na yupo mtu amepanda nguzo akiamini umeme umekatika.

Ukubwa wa jenereta nao hukisiwa tu, na huko ndiko feni ya mwalimu ilikozungukia polepole. Kiyoyozi cha juu ya gari kinachotumia wati 1,500 kikiwa kimetulia huhitaji mara mbili au tatu ya hizo kwa nukta ile kinapowaka, na friji ya kompresa ni vivyo hivyo kwa kiwango chake. Jumlisha vitu vinavyowaka kwa pamoja, ongeza kile kinachodai nguvu kubwa zaidi ya kuwashia, ndipo uchague. Usisahau mwinuko. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko zaidi kidogo ya mita 770, na Tabora ni kama mita 1,200, kwa hiyo jenereta lililoandikwa kilowati 3 likifika Tabora usilitegemee zaidi ya 2.6, na hapo bado hujahesabu joto la mwezi wa kumi. Kununua kubwa kupita kiasi nako si dawa, hasa la dizeli, kwani likikaa kwenye mzigo mdogo siku nyingi hujaa masizi na kuvuja oili nyeusi kwenye ekzosi.

Kuhusu kulikaza, nitasema kwa kifupi: likae kwenye mipira, bolti ziwe na nati za kujifunga, uzito usiwe wote nyuma ya ekseli, na baada ya kila safari ya barabara ya vumbi spana irudi mkononi. Oili ya kwanza kwa mengi ya majenereta haya hubadilishwa baada ya saa 20 tu, na gari likikaa bila safari jenereta liwashwe mara moja kwa mwezi likiwa na mzigo, la sivyo petroli itaganda kwenye kabureta.

Kitu kimoja ambacho sikubali tena kupatana bei ni king'ora cha kaboni monoksaidi. Gesi hii haina tofauti kubwa ya uzito na hewa, inaenea chumba kizima, kwa hiyo kifungwe ukutani karibu na vichwa vya waliolala, na kisiwe mbele ya feni au dirisha. Kinatumia betri ndogo na kina tarehe ya mwisho iliyoandikwa mgongoni, ambayo baada ya hapo hata kikiwaka taa ya kijani hakiaminiki. Wateja huniambia, "Fundi, hicho tutaongeza baadaye." Ninawajibu kwamba kama hela haitoshi, tuanze na king'ora, jenereta ndilo liongezwe baadaye. Wengine wameondoka wakaenda kwa fundi wa pili. Sina cha kufanya juu ya hilo peke yangu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ninaziomba VETA za Kigoma na Tabora zifikirie kozi fupi, hata ya siku tano, kwa mafundi wa umeme wa magari ambao tayari wako kazini, kwa sababu tuliofundishwa waya wa taa na alternata hatukufundishwa nyutro na ethi, na waliofundishwa umeme wa majumbani hawakufundishwa moshi. Ninawaomba askari wa usalama barabarani, wanapokagua gari lenye vitanda, wainame watazame ekzosi ya pili inaishia wapi, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litupe mwongozo mmoja wa Kiswahili tuubandike ukutani. Wauza majenereta nao wasitupe vile vijitabu. Mara nyingi jenereta linanifikia bila kijitabu, na humo ndimo mlimoandikwa kwamba lisiwashwe ndani ya sehemu iliyofungwa.

Nitasema pia jambo linaloniondolea kazi. Wengi wanaokuja kwangu hawahitaji jenereta. Friji ya volti 12, taa za LED na feni ndogo ya betri vinatosha kwa paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa na betri ya litiamu ya ampea-saa 100, kwa jua letu hili. Anayehitaji jenereta kweli ni mwenye kiyoyozi au mashine nzito, na hata huyo alizime kabla ya kulala.

Mwalimu hakunidai chochote. Alikaa kwenye benchi pale karakanani huku mimi nikiling'oa sanduku, akaniuliza maswali ya kialimu, moja baada ya jingine, mpaka nikajua nini nisichokijua. Nilimfungia paneli na friji ya volti 12 bila kumtoza ufundi, na insulini ya mama imekwenda Mbeya na kurudi ikiwa baridi. Jenereta lenyewe aliliuza. Sanduku sikuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Liko ukutani Mwanga, tundu lake halijazibwa, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu humpa taa nikamwambia aiweke ndani na afunge mlango. Fundi yeyote anayetaka kuja kulitazama anakaribishwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa umeme wa magari,
Mwanga, Kigoma.